Lugha Aliyobaki Nayo Mama

Moshi,
14 Machi 1995

Bhavna mwanangu,

Ni mimi Hilda, niliyekubeba mgongoni tangu una miezi minne, kwa hiyo utanisamehe nikikuandikia bila kutumwa na mtu. Najua baba yenu, Mzee, amewapigia simu wewe na kaka yako Nikunj, akawaambia kwamba Mama ameanguka na sasa yuko hospitali anapumzika. Hakudanganya. Ila kuna jambo amelikalia kimya, na kwa ninavyomwona hatalisema.

Mama amepata kiharusi. Ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyopita, asubuhi, anachemsha chai kabla Mzee hajafungua duka. Nilisikia sufuria imeanguka. Nikamkuta chini, mkono wa kulia na mguu wa kulia haina nguvu, mdomo umekwenda upande. Tukamkimbiza hospitali, na siku tatu hakusema neno. Siku ya nne alifungua macho akaniambia, "Hilda, fungua dirisha." Nilikimbia kumwita Mzee kule nje. Akaja, akainama, akaongea naye Kihindi chenu, maneno mengi, analia. Mama akamtazama kama unavyomtazama mpita njia. Kisha akanigeukia mimi.

"Anasema nini huyu?"

Mpaka leo ni hivyo hivyo. Kiswahili kipo, maneno machache na anayatafuta, lakini yapo. Kihindi kimeondoka chote. Kile alichozaliwa nacho, alichowaimbia ninyi, alichokitumia kugombana na Mzee miaka yote hii. Daktari wetu, mama mmoja anaitwa Elifuraha, anasema ameshasoma habari za namna hii ila hajawahi kuiona kwa macho.

Mzee anawaambia Mama hawezi kuongea kwenye simu. Anaweza. Ila Mzee hataki msikie.

Hilda


Leicester,
2 Aprili 1995

Dada Hilda, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza kwa shida. Kiswahili changu kilibaki kilekile nilichoondoka nacho, na maneno mengine nimeyaacha njiani. Miaka minane hapa sina mtu wa kukiongea naye.

Jana nilipiga simu, nikamlazimisha Baba amlete Mama. Nikasema "Mama, ni Bhavna" kwa Kigujarati chetu, hicho unachokiita Kihindi, mara nyingi. Mwishoni akasema kwa Kiswahili, "Duka limefungwa, rudi kesho." Nilikata simu, nikakaa kwenye ngazi.

Nikunj anasema labda akili imeondoka. Wewe unakaa naye, niambie kweli. Tena niambie jambo moja. Kuna daktari hapa nimemwuliza, naye akaniuliza kama kulikuwa na dalili kabla. Anasema mara nyingi kiharusi kikubwa hutanguliwa na kidogo, mkono unakufa ganzi au mdomo unapinda kwa dakika chache, halafu kila kitu kinarudi. Je, kulikuwa na kitu?

Bhavna


Moshi,
25 Aprili 1995

Bhavna mwanangu,

Akili haijaondoka. Juzi alinikamata nimeweka bizari mara mbili kwenye dengu, na mimi sikujua. Mwambie Nikunj.

Mama yuko nyumbani tangu mwisho wa mwezi wa tatu. Daktari Elifuraha alinichorea kichwa kwenye karatasi, akanionyesha upande wa kushoto, pale mshipa ulipopata hitilafu. Anasema hajui kama mshipa uliziba au ulipasuka, maana mashine ya kuona ndani ya kichwa iko Nairobi na Mama asingeweza safari ile. Kwa sababu hiyo hakumpa dawa ya kufanya damu iwe nyepesi. Kama ulipasuka, dawa hiyo ingemmaliza. Kwa hiyo tunashusha presha polepole kwa vidonge, asubuhi na jioni, na mimi ndiye ninayemwona akimeza. Zamani alikuwa akivificha siku za kufunga.

Kazi iliyobaki ni ya mikono. Alipokuwa hawezi kujigeuza nilimgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Ule mkono mgonjwa hauvutwi, unawekewa mto chini. Akinywa lazima akae wima, na chai niikoroge na unga kidogo iwe nzito, maana nyepesi inampalia na kuingia kifuani. Kila siku saa nne tunatembea kutoka kitandani mpaka mlango wa duka, na siku akiwa na hasira tunafika mpaka barazani.

Anayenitia huruma ni Mzee. Unajua Kiswahili chake ni cha kuuzia vitambaa. Jioni akifunga duka anakuja kukaa kando ya kitanda, hajui aanzie wapi. Juzi alimwuliza, "Karibu mama, leo unataka nini?" Ndiyo maneno aliyonayo. Mama akamjibu hataki kitu, asante. Wakakaa hivyo. Miaka arobaini ya ndoa, wanaongea kama muuzaji na mteja asiyenunua. Kisha anakuja jikoni kuniuliza mimi mke wake amesema nini mchana.

Hilda


Leicester,
20 Mei 1995

Dada Hilda, shikamoo.

Asante kwa yote unayofanya. Nikunj anakuja mwezi wa sita tarehe 18. Anataka kuwaleta wote wawili huku. Baba ameshasema haachi duka, kwa hiyo atamchukua Mama peke yake. Huku kuna hospitali nzuri, kuna mashine, kuna walimu wa kufundisha watu kusema upya.

Swali langu hukulijibu. Umeniandikia kurasa mbili, umeandika mpaka bizari, swali hukulijibu. Kulikuwa na dalili?

Bhavna


Moshi,
5 Juni 1995

Bhavna mwanangu,

Ilikuwepo.

Jumanne moja mwezi wa pili, tumekaa uani tunachagua dengu, ungo ulimtoka mkononi. Nikamtazama, mdomo umepinda, anataka kusema na anatoa sauti tu. Nikasimama niende kumwita Mzee. Akanishika gauni kwa mkono wa kushoto. Haukupita muda wa wali kuiva, kila kitu kikarudi, mdomo, mkono, maneno. Nikamwambia twende hospitali sasa hivi. Akasema, "Hilda, ukisema, watoto watakuja kunichukua. Watanipeleka kwenye baridi, nikae dirishani. Niapie." Nikamwapia. Tukaokota dengu, na mchana tukapika.

Siku ishirini baadaye akaanguka.

Daktari Elifuraha alipouliza kama kulikuwa na dalili, nilikuwa nimesimama hapo hapo, nikasema sikuona kitu. Mzee pia hajui mpaka leo.

Ningeweza kuishia hapa, ukadhani nilinyamaza kwa sababu ya kiapo. Si hivyo. Mume wangu alifariki zamani, Kornel mwanangu yuko Mwanza na ana maisha yake. Nikitoka chumbani kwangu mtaa wa Soweto hapa Moshi asubuhi, nyumba ninayokwenda ni ya Mama. Miaka ishirini na sita tunakunywa chai saa nne, yeye kwenye kiti chake na mimi kwenye stuli. Aliposema watamchukua, nilisikia hofu yake, nikasikia na yangu. Na mimi sikutaka aende. Ndiyo sababu sikusema.

Ungeniuliza mara ya tatu ningekwambia uongo, kwa hiyo nimekuandikia leo.

Hilda


Kibosho,
3 Septemba 1995

Bhavna mwanangu,

Sijapata jibu lako, si kwa ile ya kukiri wala ile ya kuomba msamaha, na hii ni barua ya tatu. Sikulaumu. Nikunj alipofika alikuwa ameshaijua habari, nikaelewa kwamba uliisoma. Hakunitukana. Aliniambia tu kwamba kazi yangu imekwisha, na nisije uwanja wa ndege. Nilimfungia Mama nguo zake. Alipoingizwa garini aliniuliza, "Hilda, wewe unakaa wapi, mbele au nyuma?" Nikamwambia nyuma.

Nimerudi kwenye kihamba, shamba la ukoo la marehemu mume wangu, chini ya parokia. Migomba ilikuwa imeachwa, nimeanza kuipunguza. Mvua imeharibu barabara, gari halifiki, na kwa siku nyingine sisikii sauti ya mtu mpaka kengele ya jioni.

Sikuandikii kuomba msamaha tena. Nakuandikia kwa sababu sidhani Mzee alikumbuka kuwaambia haya. Chai iwe nzito. Mkono wa kulia usivutwe, hata akivishwa koti. Akisema "nipe ile ya bluu" anamaanisha shali, hata kama shali si ya bluu. Akisema "kelele" anamaanisha kichwa kinamwuma, mpimeni presha. Akikataa kula msidhani hana njaa. Mwekeni kijiko mkono wa kushoto, nanyi mtazame pembeni. Hapendi kulishwa akitazamwa.

Kama hutaki kunijibu, mwonyeshe tu anayemhudumia karatasi hii.

Hilda


Leicester,
19 Novemba 1995

Dada Hilda, shikamoo.

Barua zako mbili za mwisho sikuzifungua. Niliziweka kwenye droo. Nilikuchukia, na ilikuwa rahisi, kwa sababu uko mbali.

Mama alipofika alilazwa wiki sita, kisha akahamishiwa nyumba ya kutunzia wagonjwa. Wakamletea mkalimani, mama mzuri wa Kigujarati, akaongea naye kila siku. Mama akafumba macho. Mimi na Nikunj tukaongea naye Kigujarati, hakuna kitu. Niliwaambia ana Kiswahili, lakini nilipojaribu kukisema mimi kilitoka vibaya, naye alikuwa amechoka, akageukia ukuta. Mwezi wa kumi hakusema neno hata moja. Kwenye faili wakaandika kwamba haelewi lugha yoyote. Amekaa dirishani, Dada Hilda. Kama alivyosema.

Jumapili iliyopita nilifungua droo. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake, na kwa kuwa siwezi kusoma Kiswahili kimya kimya nikaelewa, nilisoma kwa sauti. Nilipofika pale pa shali nikasikia kitu. Nikainua macho. Alikuwa analia, halafu akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akasema, "Huyo ni Hilda. Hilda yuko wapi?"

Siku hiyo aliongea mpaka muuguzi akaja kutazama. Nilimwuliza juu ya ile Jumanne ya dengu. Alisema maneno manne au matano, anayatafuta moja moja. "Hilda alitaka. Mimi nilimshika." Nikamwambia Nikunj.

Na mimi nina langu. Mama alinipigia simu kila mwaka kuniuliza nakuja lini. Miaka minane nilisema, "Mwaka huu." Hakuogopa baridi tu. Alijua kwamba huku pia angekaa peke yake, kwa sababu kwenye simu alinisikia mimi ninavyokaa hivyo.

Niandikie tafadhali. Andika chochote, andika migomba. Ninamsomea jioni nikitoka kazini, na ananisahihisha.

Bhavna


Kibosho,
17 Desemba 1995

Bhavna mwanangu,

Barua yako nilipewa baada ya misa, nikaisomea makaburini maana kanisani watu walikuwa wengi. Nimefurahi mpaka nikakosa njia yangu mwenyewe.

Msomee hivi. Mama, kahawa mwaka huu ni kidogo na ndege wamekula nyingine. Mbuzi amezaa wawili. Lukresia, yule jirani yangu aliyekuwa akikuletea parachichi, amemwoza binti yake na hakunialika, na mimi nilikwenda hivyo hivyo. Na mumeo alikuja hapa.

Ni kweli, Bhavna. Jumapili moja nilimwona Mzee anashuka njia ya kihamba na viatu vyake vya dukani, tope mpaka magotini. Gari alikuwa ameliacha juu. Nilimpikia mtori, supu yetu ya ndizi, bila nyama, akala yote. Aliniuliza jambo moja tu, tena aliuliza akitazama bakuli. "Kwa Kiswahili, mtu akitaka kumwambia mke wake kwamba nyumba ni kubwa sana, anasemaje?" Nikamwambia anasema hivyo hivyo. Akanitaka niandike, nikamwandikia kwenye karatasi ya sigara yake. Nadhani atapiga simu.

Hilda


Leicester,
5 Mei 1996

Dada Hilda, shikamoo.

Habari njema, na ni kubwa. Mwalimu wake wa kusema amekuwa akija mara mbili kwa wiki tangu Januari, pamoja na yule mkalimani. Mwezi wa tatu Mama aliomba maji akasema "pani". Mkalimani alidondosha kalamu. Baada ya siku tatu likaja lingine, baada ya wiki yakaja mengi. Sasa anaunganisha. Amemgombeza Nikunj kwa Kigujarati juu ya nywele zake, na Nikunj, mwanamume mzima, alitoka nje akalia barabarani. Yuko nyumbani kwangu sasa, anatembea kwa fimbo mpaka bustani. Presha imetulia, na mashine ilionyesha kwamba mshipa uliziba, kwa hiyo anakunywa aspirini ndogo kila siku.

Baba aliposikia sauti yake kwenye simu alisema anakuja. Ameuza duka. Atafika mwezi ujao.

Nikunj anasema nikupe salamu. Anasema alikosea juu ya uwanja wa ndege.

Bhavna


Kibosho,
28 Mei 1996

Bhavna mwanangu,

Nimemshukuru Mungu nikiwa shambani, na jembe mkononi. Mzee alikuja kuniaga. Amenyoa, amenunua koti. Alikuwa anaongea peke yake kwa Kihindi akipanda kilima, kama anayefanya mazoezi.

Salamu za Nikunj nimezipokea.

Ila nauliza. Zamani uliniandikia kila kitu Mama alichosema juu ya barua zangu. Kwenye barua zako mbili zilizopita hukuandika. Nilimtumia ile ya Lukresia kugombana na katekista, nikajua atacheka. Alisemaje?

Hilda


Leicester,
30 Juni 1996

Dada Hilda, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi.

Kigujarati kilipoanza kurudi, Kiswahili kilianza kuondoka. Mwanzo nilidhani amechoka tu. Nikimsomea alinisimamisha kila mstari kuuliza maana. Kisha kila neno. Ile ya Lukresia na katekista nilimsomea yote, akanisikiliza kwa adabu, halafu akaniuliza kwa Kigujarati, "Umejifunza wapi lugha hii? Inapendeza." Nilimwuliza mwalimu wake. Anasema hutokea kwa wagonjwa wachache, lugha moja ikiinuka nyingine inainama. Hawajui sababu. Labda itarudi, labda hapana.

Baba amefika. Wanaongea kutwa nzima. Wanagombana, Dada Hilda, vizuri kabisa kama zamani. Ni mimi niliyebaki na Kiswahili, na sina pa kukipeleka.

Sikukuandikia kwa sababu niliona nakunyang'anya kitu mara ya pili. Anakukumbuka. Nikitaja jina lako anasema "Hilda" na anatazama mlangoni. Lakini nikimpa barua yako anaigeuzageuza tu.

Sasa unajua kwa nini nilinyamaza. Wewe zaidi ya mtu mwingine yeyote utajua.

Bhavna


Kibosho,
4 Agosti 1996

Bhavna mwanangu,

Usilie tena. Mgonjwa akipona anarudi kwao, na kwao si kwangu. Mke amemrudia mume wake. Nilikuwa nikiliombea hilo kwenye rozari, sasa nisijifanye sikuomba.

Nilikaa na barua yako wiki nzima, halafu nikafanya ulichokiona. Najua ulishangaa Jumamosi ile simu ilipolia, ukasikia ni mimi. Nilishuka Moshi asubuhi, nikapanga foleni ofisi ya simu. Nilikuomba jambo moja tu, umpe Mama simu na usimwambie ni nani.

Ninyi hamkujua kwamba Kihindi chenu ninacho kidogo. Hakuna aliyenifundisha. Miaka ishirini na sita nilisimama jikoni na ninyi mnaongea sebuleni mkidhani sisikii. Najua maji, najua chumvi, najua moto, njoo, kaa, basi. Najua maneno mawili matatu Mzee aliyomwambia Mama siku akiwa na hasira, hayo siandiki. Najua salamu.

Nikasema, "Kemcho, Shardaben," kama wageni wenu walivyokuwa wakimsalimia. Sikuwahi kumwita jina maisha yangu yote. Nilikuwa namwita Mama, tena tulikaribiana umri.

Nikagandamiza simu sikioni, nikidhani imekatika. Kisha akaanza. Mwanangu, aliongea. Aliongea upesi, kama zamani kabla mkono haujafa, sauti ileile, na pale katikati akacheka. Sikuelewa hata sentensi moja. Kila alipovuta pumzi nilisema "ha", kama mlivyokuwa mkiitikia ninyi, naye akaendelea. Karani wa simu alinionyesha kwa kidole kwamba dakika zimekwisha. Nikamwitikia Mama mara ya mwisho, ikakatika akiwa bado anasema.

Nilitoka nikakaa kwenye ukuta pale nje mpaka nikaweza kupanda gari.

Sijui kama alijua anaongea na nani. Labda alinijua, labda alidhani ni shangazi yenu mmoja. Wewe ulikuwa umesimama karibu, ulisikia alichosema. Kama alinijua, niandikie. Kama hakunijua, niandikie tu habari za kazi yako na hali ya hewa ya huko, nami nitaelewa.

Wako,
Hilda